Nilimchapa mwanangu kwa mwiko, na nilikuwa nimeapa kubadilika

*Swali: Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkubwa ana miaka 8, wa pili 5, mdogo miezi 10. Tumepanga Dar es Salaam, uwanja tunautumia pamoja na wapangaji wengine. Nafanya kazi dukani Kariakoo, nafika nyumbani saa kumi na mbili jioni, daladala zikisumbua saa moja. Binti anayeshinda na mtoto huondoka nikishafika. Mume wangu ni dereva wa lori la Tunduma, wiki nzima anaweza asiwepo. Januari mosi niliandika kwenye daftari: kuacha mkaa kabisa, kuacha pampasi na kutumia nepi za kitambaa, kutoingiza plastiki ndani, kutengeneza mboji ya mchicha wa kwenye viroba. La tano: kutowapigia watoto kelele wala kuwachapa, maana mimi nimekua kwa fimbo na sitaki wanangu wakue hivyo. Mume aliporudi safari alikuja na gunia la mkaa kama kawaida yake. Wiki iliyopita mkubwa alitupa chupa ya plastiki kwenye ndoo ya maganda ya mboji. Nilikuwa nasonga ugali, nikamchapa kwa mwiko mgongoni mbele ya watoto wa jirani. Hakulia, alinitazama tu. Tangu siku hiyo nimerudia mkaa na pampasi, daftari sijalifungua. Mama mkwe anasema nisijitese, mchelea mwana kulia hulia yeye. Je, mimi sina moyo wa subira? Niache lipi, au nisubiri mwaka mwingine?*

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, kila jambo naliandikia saa yake pembeni. Saa kumi na mbili unashuka kwenye daladala. Binti anakukabidhi mtoto na kuaga. Hapo kuna chakula cha jioni, kuoga kwa watoto wawili, madaftari ya shule, mtoto wa kunyonya, na sasa pia ndoo ya nepi, ndoo ya maganda na ukaguzi wa plastiki. Saa tatu usiku ndiyo unakaa. Maazimio yako ni matano na yote yanakudai katika saa hizo tatu, ambazo hata kabla ya Januari zilikuwa zimejaa.

Ndiyo maana neno "moyo" nitalipinga. Ulilonieleza ni ratiba iliyovunjika, na ilivunjikia kwa mtoto. Hebu tazama kilichompigisha: chupa kwenye ndoo ya mboji. Ndoo hiyo isingekuwepo, mwiko ungebaki kwenye sufuria. Azimio la nne lilikuja kulivunja la tano. Sikuambii hivi ili kukutetea kwa ulichofanya, na hilo nitalirudia. Nakuambia kwa sababu ukiendelea kuamini kuwa tatizo ni moyo wako, mwakani utaandika orodha ileile kwa wino mzito zaidi.

Kuna jingine la kuondoa njiani. Kila Januari simu zetu hujaa hesabu kwamba siku 21 zinatosha kujenga mazoea. Watafiti wa chuo kikuu cha University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliwafuatilia watu 96 ambao kila mmoja alichagua jambo moja dogo la kufanya kila siku, mfano kunywa maji wakati wa chakula. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo hilo kuwa mazoea, wengine siku 18, na kwa wazito makadirio yalifika siku 254. Hao walikuwa na jambo moja moja, tena dogo kama kunywa maji! Wewe ulikuwa na matano, likiwemo la kuacha nishati uliyopikia tangu utotoni. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba kuruka siku moja hakuharibu kitu. Watu hukata tamaa kwa sababu ya siku ile moja, nayo haikuwa na uzito waliofikiri.

Sasa nikueleze kinachotokea kichwani saa moja ya jioni. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayosema "ngoja kwanza". Ndani zaidi ipo sehemu ndogo yenye umbo la lozi inayonusa hatari na kuuamsha mwili upigane au ukimbie. Ukiwa umelala vizuri, ya mbele huituliza ya ndani. Ukiwa na mtoto wa miezi 10 anayekuamsha usiku, kisha ukashinda umesimama dukani, ya mbele inachelewa na ya ndani inawahi. Chupa ya plastiki inapokelewa kama dharau, dharau inapokelewa kama hatari, na mkono unakuwa umeshakwenda. Wazazi wengi huniambia "nilijiona nampiga", kana kwamba walikuwa wamesimama pembeni. Wanaeleza sawasawa kabisa.

Upande wa mwanao ni hivyohivyo, tena zaidi, kwa sababu hiyo sehemu ya mbele huendelea kukomaa mpaka mtu anapokaribia miaka 25. Mtoto wa miaka 8 ukimuuliza chupa inakwenda ndoo gani atakujibu bila kukosea. Kuikumbuka kanuni hiyo akiwa na njaa, mchezo umenoga na wenzake wanamwita ni kazi nyingine. Alisahau, basi. Na kule kukutazama bila kulia usikuchukulie haraka kuwa ni usugu. Mara nyingi mtoto aliyepigwa ghafla huganda, na huyu alipigwa mbele ya wenzake, kwa hiyo aibu ilitangulia maumivu.

Nitaanza na mazingira, kwa sababu huko ndiko tutakakopunguza mzigo. Kanuni yangu ni moja: jambo la kijani, yaani la kutunza mazingira, linalokupunguzia kazi kati ya saa kumi na mbili na saa tatu libaki, linalokuongezea liahirishwe au lihamishiwe saa nyingine, au mtu mwingine.

Mkaa ndio wenye maana kubwa kuliko yote. Matanuri yetu ya udongo hula kilo nyingi za kuni kutoa kilo moja tu ya mkaa, na misitu ya Pwani na Morogoro inalijua hilo. Moshi nao ni habari nyingine: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Una mtoto wa miezi 10, kwa hiyo sitakuambia mkaa hauna neno. Lakini lile neno "kabisa" ndilo lililokuponza. Nyumba nyingi za mjini huchanganya: chai na mayai kwa gesi, maharage na makande kwa mkaa. Basi tafuta chakula kinachokula mkaa, kitoe hicho. Kwa kawaida ni maharage.

Yaloweke usiku kucha na umwage maji yale. Sufuria ya presha itayaivisha kwa dakika 30 hadi 45 badala ya saa mbili au tatu. Ile ya umeme hutumia chini ya yuniti moja ya LUKU kwa chungu kizima, ambayo kwa tarifa ya kawaida ni kama shilingi 350 na ushee. Linganisha mwenyewe na mkaa unaonunua kwa kopo. Bei ya chombo chenyewe ndiyo kikwazo, najua, na umeme unakatika. Kama hela haipo, tumia kikapu: maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu kwenye gesi dakika 20, funika sufuria vizuri, izamishe ikiwa bado inachemka ndani ya kapu lililojazwa matambara au blanketi kuukuu pande zote, funika juu, liache kwa muda wa saa nne au tano. Yataendelea kuiva kwa joto lake. Huko kuchemka kwa nguvu mwanzoni usikuruke, maana maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayochafua tumbo na joto dogo haliiondoi. Kabla ya kula yachemshe tena. Ukipika Jumapili sufuria kubwa na una friji, jioni tatu za wiki chakula kinachukua dakika 20. Mkaa umepungua na saa yako imepona, kwa kazi moja.

Wapo watakaokuambia gesi nayo si ya kijani. Ni kweli, inatoka ardhini kama mafuta. Ila haikati mti, moshi wake ni mdogo sana, na hata mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama kufikia 2034, unaihesabu. Siku utakazowasha mkaa, washa nje, usiwashe kwa mfuko wa nailoni kama tulivyozoea uswahilini, kwa sababu moshi ule una sumu zake mbali na za mkaa. Na hata mvua ikinyesha usiliingize jiko chumbani mnakolala. Hewa ya mkaa inayoua haina harufu.

Kuhusu gunia, dereva anayepita barabara ile huona mkaa nusu bei na anadhani anaokoa nyumba. Hakuwepo wakati unaandika daftari. Azimio la familia likiandikwa na mtu mmoja linabaki kazi ya mtu mmoja, na wewe ndiye huyo mmoja. Kabla ya safari ijayo mweleze jambo moja tu: fedha ya gunia aiweke kwenye gesi. Usimpe hotuba ya misitu. Mwambie kifua cha mtoto na saa zako za jioni.

Nepi. Hapa nitakuwa mkweli zaidi ya wapenzi wenzangu wa mazingira. Uliandika "nepi za kitambaa" bila kuandika nani anazifua. Mwaka 2008 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulilinganisha nepi za kitambaa na za kutupa, na kwa upande wa hewa ukaa zilikaribiana sana, kwa sababu kule watu hufua kwa maji ya moto na kukausha kwa mashine. Waliofua mashine ikiwa imejaa, wakaanika kwenye kamba na kumrithisha mtoto wa pili walipunguza kiasi kikubwa. Sisi jua tunalo bure, kwa hiyo kitambaa kinashinda, mradi kifuliwe mchana. Kufua saa mbili usiku kwa maji ya ndoo, na mtoto mgongoni, kunaokoa taka na kumchosha mama. Ushauri wangu: kitambaa mchana akiwa nyumbani, pampasi moja usiku na mnapotoka. Kama binti atafua na kuanika, mwombe, usimwagize, na umwongeze chochote, kwa sababu ni kazi mpya. Akikataa, ana haki. Baki na pampasi mpaka mtoto aanze poti na usijilaumu. Ila usizichome uwanjani wala kuzitupa mtaroni.

Plastiki ni jambo dogo. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na ile mifuko mbadala tunayoibeba kama kitambaa, mingi ni polipropilini, nayo ni plastiki. Itumie mpaka ichakae. Tundika kapu la ukili kwenye msumari karibu na mlango, basi.

Mboji iache. Kwa sasa, nasema. Ni kitu kizuri, maganda yakioza ndani ya lundo la dampo la Pugu Kinyamwezi hutoa gesi ya methani inayopasha dunia joto kuliko hewa ukaa, lakini mboji inataka uwanja wako mwenyewe na mtu wa kuigeuza. Mimi niliwahi kufuga panya miezi mitatu nikiamini natengeneza mboji, na wapangaji wenzangu hawakunisamehe upesi. Kama mtaani kwenu kuna mwenye mbuzi, maganda yaende kwake. Mchicha wa kwenye kiroba ubaki na uwe wa mkubwa, kumwagilia ni dakika tano na ndani ya wiki tatu au nne anachuma. Ukinyauka, umenyauka.

Sasa subira. "Sitapiga kelele tena" ni ahadi isiyoushika mkono, kwa sababu haisemi mkono ufanye nini. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kwamba nia yenye umbo la "ikitokea hivi, nitafanya vile" hutekelezwa mara nyingi zaidi kuliko nia ya jumla. Ubongo uliochoka hauna nafasi ya kutafakari, lakini unaweza kufuata kitu kilichokwisha amuliwa. Kwa hiyo amua leo, ukiwa umetulia. Wewe ulipiga na mwiko kwa sababu mwiko ndio uliokuwa mkononi. Basi yako iwe hii: nikisikia sauti yangu inapanda, naweka chini nilichoshika. Mwiko, simu, chochote. Kisha vuta pumzi na uitoe polepole kuliko ulivyoivuta, mara tatu, maana pumzi ndefu ya kutoa hutuliza mapigo ya moyo. Baada ya hapo ndipo useme, na useme kwa maneno machache: "Chupa itoe, iweke kule." Ugali ukishika chini kidogo, utaliwa hivyohivyo.

Jambo la pili ni njaa. Watoto wanakusubiri tangu shuleni. Kiazi kilichochemshwa, ndizi, karanga, chochote wapewe na binti saa kumi na moja, na nusu ya ugomvi wa saa moja itaisha. Na ukifika, kaa chini dakika kumi kabla ya kugusa sufuria, mdogo ananyonya, wakubwa wanakueleza ya shuleni. Mama mmoja niliyemshauri alisema dakika kumi hizo hana. Nikamwuliza kuwatuliza wakishaanza kugombana kunachukua muda gani, akacheka.

Mama mkwe asibezwe. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Anasema alichofundishwa, nasi karibu wote tulifundishwa hivyo. Lakini isikilize methali yenyewe: mchelea mwana kulia. Haitaji fimbo. Inamsema mzazi anayeogopa machozi ya mtoto hata akashindwa kumkatalia. Mtoto ananyimwa simu, analia. Anaambiwa arudi kuokota chupa akiwa kwenye mchezo, ananuna. Hayo machozi usiyaogope. Ukimnyima kitu na ukasimama hapohapo, umeitii methali. Kumchapa kunasimamisha kosa kwa dakika ile, ndiyo maana kunaonekana kunafaa, ila mtoto akiwa na hofu hashiki somo, anashika hofu, na mara ijayo anaficha chupa.

Ulichofanya kinahitaji kuombewa msamaha, na wewe ndiye wa kuuomba. Najua kwetu mzazi kumwomba mtoto radhi kunaonekana kujishusha. Edward Tronick, aliyechunguza akina mama na vichanga tangu miaka ya 1970, alikuta kwamba hata mama na mtoto wanaopendana vizuri huwa wamepatana kwa sehemu ndogo tu ya muda, kama theluthi. Muda mwingine wanapishana, kisha wanarudiana. Mtoto hujifunza kuamini kutokana na huko kurudiana. Mwambie: "Siku ile nilikuchapa kwa mwiko. Haikuwa sawa. Nilikuwa nimechoka, lakini kuchoka kwangu si kosa lako." Ishia hapo. Usimalizie na "ila na wewe..." na usimlazimishe kusema amekusamehe.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyabeba. Kama tangu ujifungue umekuwa na wiki mbili au zaidi za huzuni, hakuna kinachokufurahisha, au hulali hata mtoto akiwa amelala, mweleze muuguzi siku ya kliniki ya mtoto. Inaweza kuwa sonona, huwapata wengi ndani ya mwaka wa kwanza na inatibika. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kuwadhuru watoto, usisubiri kliniki: mwite mtu wa karibu abaki na watoto na uende hospitali siku hiyohiyo. Ukiona unapiga mpaka kuacha alama, au mkubwa ameanza kukojoa kitandani upya, kukukwepa au kukataa shule, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Simu 116 ya huduma kwa mtoto ni ya bure na mzazi anaruhusiwa kuipiga mwenyewe kuomba ushauri. Na kama kuna anayekupiga wewe, jambo ambalo hukuliandika nami sitalikisia, vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Mdogo naye, akikohoa huku anapumua mbiombio au kifua kinabonyea, mpeleke hospitali papo hapo.

Mwaka mwingine usiusubiri. Jumamosi hii, wadogo wakishalala, mwaga kilo ya maharage kwenye ungo na umwite mkubwa mchambue mawe pamoja. Mtoto wa umri wake husikiliza vizuri zaidi macho yakiwa kwenye kitu kingine na mikono ina kazi. Hapo ndipo umwambie yale maneno ya mwiko. Akitaka kusema kitu atasema. Asipotaka, maharage yatakuwa yamechambuliwa, myaloweke mkalale.